Padri wa Kanada na Wagomaji wa Reli

Nilikuwa stesheni ya Tabora wafanyakazi wa reli walipogoma, muda mfupi baada ya Vita Kuu ya Pili. Bwana stesheni alimleta padri, mzaliwa wa Kanada, awasihi warudi kazini, maana wengi walikuwa waumini wake.

Fundi mmoja wa injini akasimama. "Padri, vita vimekwisha, lakini watoto wetu bado wanalala njaa."

Padri akavua kofia.

"Kule kwetu, kaka yangu naye amegoma kiwandani," akasema. "Siwezi kuwaambia nyinyi neno nisiloweza kumwambia yeye."

Akaketi vumbini pamoja nao. Bwana stesheni akaondoka bila kuaga.

Mgomo ulipokwisha, padri akahamishiwa mbali. Mimi ni Mwislamu, lakini mahubiri yale niliyaelewa yote.