Baba Mkwe na "More Big"

Baba mkwe wangu alikuwa mwalimu wa Kifaransa huko Masisi mpaka vita ilipofunga shule yake. Alishuka Goma na miwani yake na shati moja, akaja kukaa nasi mtaani Mabanga. Nilimheshimu sana. Lakini ndiye aliyenifundisha kusaga meno huku nimenyamaza.

Siku hizo nilitafuta kazi ya kutafsiri katika shirika lililosaidia wakimbizi wa kambi ya Munigi. Tuliambiwa tuandike insha ya Kiingereza nyumbani, tulinganishe maisha ya hapa na ya kule tulikotoka. Niliandika kwa uangalifu: "bigger", "safer", "worse". Mwandiko wangu ni wa kuku akiparura. Wa muzee ulikuwa mzuri ajabu, akajitolea kuninakilia. Mkwe utamkatalia vipi? Asubuhi nikapeleka karatasi bila kuisoma.

Ikarudi imejaa wino mwekundu. "More big." "More safe." "More bad." Mkubwa wa pale aliniuliza kwa upole kama kweli niliwahi kusoma Kiingereza. Kazi akapewa mwingine.

Nilifika nyumbani nimechemka. Mke wangu akanionya kwa macho, lakini nikaketi mbele ya baba yake.

"Papa, kwa nini ulibadilisha maneno yangu?"

"Nilisahihisha. Ulisahau 'more' kila mahali. Kifaransa ni 'plus grand'. Kiswahili, kubwa kuliko. Neno lenyewe haliguswi."

"Kiingereza, Papa, neno fupi linaongezwa 'er' mwishoni. 'More' ni ya maneno marefu."

"Na 'bad'?"

"Hiyo inageuka 'worse'."

Akavua miwani. "Luga gani hii inaharibu neno kusudi iseme mambo yameharibika zaidi?" Kisha akainama. "Basi ni mimi niliyekupotezea kazi."

"Ndiyo, Papa." Nilikuwa nimechoka mno, sikuweza kumfariji.

Kesho yake akataka nimfundishe. Mateso yakaanza upya, maana aliipenda ile "er" kupita kiasi. Sukari ikawa "expensiver", binti yake "beautifuler". Nikimrekebisha, ananikumbusha kanuni yangu mwenyewe, nusu ile ya "er" tu.

Nafasi nyingine ilipotokea, niliandika insha nyumbani kwa rafiki na kuipeleka moja kwa moja ofisini. Nikaipata kazi. Muzee aliwaambia majirani kwamba Kiingereza changu ni matunda ya mafunzo yake. Mke wangu akanikanyaga mguu, nikasaga meno.