Goti la Kulesh

Nthiwa Muindi hajawahi kufika Belarus, na hata leo ukimpa ramani ataonyesha Poland kwanza. Lakini kuna watu wa mitaa ya Satellite na Woodley walioijua nchi hiyo kwa sauti yake. Mwaka ule wa korona, ligi za dunia zilipofungwa moja baada ya nyingine, kule waliendelea kucheza kana kwamba hawajapata habari. Redio ndogo aliyofanyia kazi, orofa ya nne katikati ya jiji, ilikuwa na njaa ya mpira. Bosi akamkalisha mbele ya kompyuta iliyoonyesha mechi bila sauti, akamwambia, "Tangaza, Nthiwa. Watu wamechoka kukaa kwa nyumba."

Atangaze nini, jamani? Karatasi aliyopewa ilikuwa na majina na namba za jezi, basi. Dakika tisini ni nyingi kwa mtu asiye na la kusema, na redioni ukinyamaza watu wanahama. Nthiwa akaanza kutia chumvi.

Chumvi nyingi ilimwangukia mshambuliaji mmoja, namba tisa, Radzim Kulesh, jitu refu lenye kuchechemea kidogo. Kule kuchechemea Nthiwa alikutafutia sababu papo hapo hewani: goti limechanika, madaktari wametaka kulipasua, kijana amekataa, amesema anamwachia Mungu. Dakika mbili baadaye Kulesh akafunga bao kwa mguu uleule. Jumbe za wasikilizaji zikamiminika. Tangu siku hiyo goti lile likawa na habari mpya kila wiki. Mara limevimba, mara mama yake amempigia simu akilia, mara daktari amestaajabu. Nthiwa hakuona haya hata kidogo, alijiona fundi.

Mama yake, Nthenya, alimsikiliza kutoka nyumbani kwake Satellite, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai. Alikuwa amewapikia matajiri wa mtaa wa Karen miaka ishirini na miwili, na mpira haukumhusu. Kilichomshika moyo ni yule kijana wa goti. Akalipeleka jina lake kwa akina mama wenzake wa kanisa, na kila Jumatano, baada ya wagonjwa wa Riruta na wa Kitui, Kulesh naye akatajwa. Nthiwa aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu. Maombi yalikuwa yamemdhuru nani?

Ligi nyingine zikarudi, Belarus ikasahauliwa. Nthenya hakusahau.

Mwaka huu kidole chake cha mguu kiligonga mguu wa meza. Ana kisukari, na kidonda kikakataa kupona. Kikaoza, weusi ukapanda hadi kwenye kifundo. Hospitalini, daktari aliwaita Nthiwa na dada yake, Mbithe, pembeni akawaambia bila kuzunguka: mguu ukatwe chini ya goti Ijumaa hii, la sivyo sumu itasambaa mwilini na watampoteza mama. Karatasi ya kukubali aitie sahihi mwenyewe, kwani akili zake ni timamu.

Nthenya aliisukuma karatasi.

"Kulesh walitaka kumkata, akakataa," alisema. "Tukamwombea, na si alicheza? Ni wewe ulituambia, Nthiwa. Mungu alisikia ya huyo mzungu, atakosa kusikia yangu?"

Nthiwa alitoka hadi kwenye ukumbi wa wodi, akamtafuta Kulesh kwenye simu, akiomba angalau mtu huyo awe amepasuliwa baadaye. Maisha yake yote ya uwanjani yalitosha kwenye kioo kimoja cha simu: mabao kumi na moja msimu ule, kisha Kazakhstan, alikokaa benchi zaidi ya alivyocheza, kisha daraja la pili huko kwao, kisha akastaafu akiwa na miaka thelathini. Siku hizi anauza matairi. Goti halikutajwa popote. Kumbe kuchechemea kulikuwa mwendo wake tu.

Akarudi kitandani. "Mwaitu," alisema, maana ndivyo Wakamba wanavyomwita mama, "hiyo stori ya goti nilitunga. Kulesh hakuwa mgonjwa. Hakuna daktari alitaka kumkata."

Nthenya alimtazama kwa huruma. "Unanidanganya ndio nikubali. Najua ni mapenzi, lakini wacha uongo."

Akaonyeshwa simu, akasema mtandao huandika chochote. Mbithe akaanza kulia. Nthiwa alibaki amesimama, mtu ambaye aliwahi kusadikiwa na mji mzima kwa mambo ya uongo. Kisha akageukia dirisha. Chini, langoni, mlinzi alikuwa anafungulia gari.

"Mtazameni yule pale langoni," alianza, kwa ile sauti yake ya redio. "Anaitwa Jackton. Jana amemzika ndugu yake wa pekee, akasafiri usiku mzima kutoka Siaya, hajalala, hajala. Lakini yuko kazini, kwa sababu alimshika marehemu mkono akamwahidi kwamba watoto wake hawatatoka shule."

"Woi, maskini," alisema mgonjwa wa kitanda cha pili. Nthenya naye alikuwa amejiinua kwa kiwiko ili amwone.

"Unamjuaje?" akauliza.

"Simjui, Mwaitu. Ndiyo mara ya kwanza namwona."

Nthenya alijilaza tena, taratibu. Nthiwa akatamani atukanwe.

"Na mama yake mwenye alikuwa analia kwa simu?"

"Hiyo pia."

"Miaka miwili, Nthiwa. Kila Jumatano nilikuwa nafunga, sili kitu mpaka jioni. Kwa ajili ya goti halina ugonjwa."

Mama akanyoosha mkono, akaomba kalamu, akatia sahihi bila kusoma.

Ijumaa asubuhi wauguzi walipokuja kumchukua, Nthiwa alimwinamia. Alikuwa ametoka kwa daktari wakati huohuo, na alichosema kilikuwa neno kwa neno alivyoambiwa.

"Mwaitu, daktari amesema itaenda sawa."

Nthenya akageuza kichwa upande wa pili wa kitanda.

"Mbithe," akauliza, "ni kweli amesema hivyo?"