Maoni ya Baba Kuhusu Picha ya Kihindi

Sweta la shule likilowa mvua lina harufu yake. Ni sufu, chaki, jasho la mtoto, na moshi kidogo wa jiko la mkaa. Juzi nilifungua mlango wa nyumbani nikakutana na harufu hiyo. Sweta lilikuwa limetundikwa kwenye kiti, linachuruzika juu ya sakafu niliyoipangusa asubuhi. Siku nyingine ningefoka, lakini siku hiyo sikuwa na nguvu za kufoka. Nauza dawa katika duka moja pale Nyamagana, kazi ya kusimama kutwa nzima na kuwaeleza watu kwamba kidonge kikubwa si lazima kitibu kuliko kidogo, na ikifika jioni miguu inakuwa si yangu tena. Nikajitupa kwenye kochi na viatu vyangu, nikafumba macho. Binti yangu, ambaye yuko kidato cha pili, alikuwa amekaa mkekani na simu yake, anaangalia picha ya Kihindi, ya wanafunzi wanaopendana. Nilijua hivyo bila kutazama, kwa sababu filimbi ililia, wasichana wakacheka, halafu mvua ikanyesha na mtu akaanza kuimba.

Ile harufu na ule wimbo vikanirudisha darasa la nne.

Wakati huo tulikaa Kiseke, enzi ambazo Kiseke ilikuwa mawe, majani na nyumba zinazongoja lipu. Wazazi wangu walihamia Mwanza kutoka Muleba. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hata nyumbani hakuacha kuwa mwalimu. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, zamu ya usiku. Alirudi alfajiri ananuka samaki na barafu, akavua mabuti yake ya mpira nje ya mlango, akaoga, akalala. Jumapili alilala zaidi. Alilala sebuleni kwenye kiti chake chenye mikono, mbele ya runinga, katikati ya kelele zetu zote, na sisi tulishazoea kuiruka miguu yake kama mtu anavyoruka kizingiti. Wageni walimwamkia, hakuitika, wakaendelea na mambo yao.

Picha yenyewe aliileta dada yangu Koku, aliyekuwa kidato cha nne. Aliiazima kwa rafiki yake, sidii tatu ndani ya mfuko wa nailoni. Ile ya pili ilikuwa imekwaruzika, lazima uipanguse kwa khanga na kuipulizia ndipo ikubali. Jumapili baada ya misa na ndizi za mchana, Mama aliondoa kitambaa juu ya runinga, na Mama Masalu, jirani yetu, akaja na kigoda chake mwenyewe. Mjomba Deo, mdogo wake Mama, aliyekuwa akisoma chuo kule Nyegezi, alikuja kwa ajili ya ndizi, akabaki kwa ajili ya picha, huku akiapa kwamba picha za Kihindi hazipendi hata kidogo.

Jamani, ile shule! Ilikuwa juu ya kilima, yote vioo, na nyasi zake laini kama zulia. Wanafunzi walikuja na magari. Hakuna aliyebeba jembe wala fagio, hakuna aliyechapwa kwa kuchelewa, na katika sidii zote tatu sikuona mtu akiandika. Kulikuwa na msichana mmoja wa familia maskini, maana yake nyumbani kwao walikuwa na gari moja tu, na mvulana mmoja, nahodha wa timu. Mvua ikanyesha. Mvulana akavua sweta lake la njano akamvalisha msichana, wakaimba mlima mzima wakibadilisha nguo, na begi la nguo hatukuliona. Msichana aliporudi darasani na sweta la mvulana, mkuu wa shule akaliona, akaagiza baba yake aitwe. Mzee akaja amevaa suti, akasimama mbele ya meza akielezwa habari za mwanawe, na machozi yake tukaonyeshwa kwa karibu mpaka tukaona hata vinyweleo vya pua. Msichana akafukuzwa. Katika sidii ya tatu tulimkuta kwenye sherehe ya kumaliza shule, anacheza katikati ya wenzake, na hakuna aliyetueleza amerudishwaje.

Hapo maoni yakaanza, na yalikuwa matamu kuliko picha.

Mama alisema mkuu wa shule amefanya vizuri, ila amechelewa. "Shule si mahali pa kuchumbiana. Ningekuwa mimi, asingemaliza hata ule wimbo." Lakini wimbo wenyewe ukianza, mguu wa Mama ulikuwa ukichezacheza chini ya kitenge.

"Na yule kijana je?" akauliza Mama Masalu. "Sweta si lake? Mbona yeye haitwi?"

Lilikuwa swali zuri, sijalisahau. Tatizo la Mama Masalu ni kwamba moyo alikuwa nao na mdomo pia alikuwa nao. Umwambie jambo asubuhi, jioni wanalo Kiseke nzima, hadi wauza dagaa wa barabarani. Mjomba Deo yeye alisema ile si shule, ni hoteli, mvua ile ni bomba la zimamoto, na yule mwanafunzi, ukimtazama shingo, ana watoto wanaosoma sekondari. Kwa Mjomba kila kitu kilikuwa cha kuchekwa. Baba alikoroma taratibu.

Sasa niwaambie jambo ambalo hakuna aliyelijua mle sebuleni. Dada yangu alikuwa amesimamishwa shule, akaambiwa asirudi bila mzazi. Kosa lake lilikuwa sweta. Siku moja ya mvua, kwenye kituo cha basi, mvulana wa shule nyingine alimpa lake ajifunike, na kesho yake akaingia nalo darasani, shingoni lina mistari isiyo ya shule yao. Mwalimu wa nidhamu hakutaka hadithi. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa unakaribia, na kila siku iliyopita ilimsogeza Koku mbali na huo mtihani. Asubuhi alivaa sare, akabeba begi, akamwamkia Mama, akaenda kukaa kwenye mawe ya ziwani akisoma peke yake mpaka saa ya kutoka shule. Mimi niliona soksi zake zinarudi zimejaa mbegu za majani ya ufukweni, nikadhani shule yao imepata uwanja mpya.

Alihitaji mtu mzima mmoja wa kwenda naye. Mama angekwenda, lakini kwanza angemuua. Mama Masalu angekwenda na kurudi na habari kwa mtaa mzima. Mjomba Deo angeweza kujifanya mlezi, kama wanafunzi wengine walivyofanya na wajomba wa kuokota, ila angecheka ofisini. Kwa hiyo dada yangu akafanya ujanja ambao mpaka leo naustaajabia. Alituwekea ile picha, apate kujua kila mtu anasemaje juu ya yule msichana. Jumapili iliyofuata akaiweka tena, na nyingine tena. Mama alilalamika kwamba tumeshaijua, halafu akakaa.

Ikifika pale mzee wa suti anapoitwa, Koku aliinuka akatoka kwenda kuosha vyombo. Nadhani alishindwa kukaa. Mimi nilimfuata baadaye, naye bila kuinua kichwa akauliza, "Wamesemaje?"

Nilikuwa na kipaji cha kuiga watu. Nikamwigizia Mama na kidole chake cha ubaoni, nikamwigizia Mama Masalu ameshika kiuno, nikamwigizia Mjomba anavyocheka kabla hajamaliza sentensi. Malipo yangu yalikuwa ndizi zilizogandia chini ya sufuria, zile zenye ladha ya moshi na karanga. Nikaamini ameyapenda maigizo yangu.

"Mama alikuwa amekasirika kweli au anatania?"

"Amekasirika."

"Na leo?"

"Leo zaidi."

Aliendelea kusugua. Nilikula ndizi zangu.

Jumapili ya mwisho ya picha hiyo, Mama Masalu aliamua kumchokoza Baba. "Baba Koku, wenzio tunatoa maoni, wewe unatukoromea tu. Haya sema, huyu binti afukuzwe au asifukuzwe?"

Wote tukacheka. Kumuuliza Baba juu ya picha kulikuwa kama kumuuliza mbuzi juu ya misa. Lakini koromo likakatika, na Baba, macho yamefumbwa vilevile, akasema, "Mimi namwonea huruma huyo mzee."

"Mzee gani?"

"Mwenye suti. Kaitwa, kaja, wala hajui anachoitiwa. Mtoto angemwambia mwenyewe nyumbani, asingesimama pale anashangaa mbele za watu. Wangekwenda wawili, wote wanajua."

Mama akamgeukia. "Kwa hiyo wewe usingemchapa?"

"Ningekuwa nimechoka," Baba akasema, akarudi usingizini kwake.

Nilipokwenda kutoa ripoti nilianza na Mama kama kawaida, nikamalizia na Mjomba. Maoni ya Baba karibu niyaache, maana hayakuwa na kidole wala kiuno cha kuiga. Nikayasema tu kwa kujazia. Koku akaacha kusugua. Majivu yalikuwa yamemjaa mpaka kwenye viwiko.

"Rudia."

Nikarudia.

"Alisema wangekwenda wawili? Hivyo hivyo?"

"Ndiyo. Halafu akalala."

Siku hiyo hakunipa ndizi. Alisahau, nami nikanuna mpaka jioni. Mama alipokwenda jumuiya, nilimwona Koku ameketi sakafuni pembeni ya kiti cha Baba, amekumbatia magoti. Nilidhani anamngoja aamke ampe mabuti yake ya kazini. Nikaenda kucheza mawe na watoto wa Mama Masalu.

Jumatatu asubuhi Baba alirudi kutoka kazini kama siku zote, akaoga, lakini hakulala. Alivaa koti lake la misa.

"Unakwenda wapi saa hizi?" Mama akauliza, kikombe mkononi.

"Shuleni kwa Koku. Nitakueleza nikirudi."

Wakatoka wote wawili. Mchana alirudi peke yake, akalala na koti lake mwilini, na alipoamka akamweleza Mama. Mama hakuongea na Koku kwa siku kadhaa. Kisha siku moja akamwekea kiti mezani, akamfungulia maswali ya mitihani ya nyuma, na kuanzia hapo hakumpa nafasi ya kupumua hadi mtihani ulipofika. Ile picha ikarudishwa kwa mwenyewe. Mimi nilichoelewa ni kwamba tumekatazwa picha za Kihindi, na nikaona ni uonevu mtupu.

Mengine alinieleza Koku mwenyewe miaka mingi baadaye, nilipomtembelea Bukoba, tunamenya ndizi na mikono imekuwa myeusi kwa utomvu. Baba alikuwa ameshafariki. Koku alisema walikaa nje ya ofisi kwenye benchi wakisubiri mpaka mapumziko ya saa nne, na Baba, aliyetoka kukesha na samaki, akasinzia, kichwa chake kikamwangukia begani. Wanafunzi wenzake wakawa wanapita wanaona. "Nilidhani nitaona aibu," akasema. "Nikawa naogopa tu asije akaanguka." Walipoitwa ndani, Baba hakuongea mengi. Alisema, "Mtoto amekosa, ameniambia mwenyewe, naomba arudi darasani." Koku akapewa adhabu ya kukata nyasi, akarudi darasani.

Nikamuuliza ilikuwaje siku ile akapata ujasiri wa kumwambia Baba, mtu ambaye hatukuzoea hata kumsemesha.

Koku alimenya ndizi nzima kabla hajajibu. "Hakufumbua macho mpaka nilipomaliza. Angenitazama, nisingeweza."

Mimi nilikua nikiamini kwamba kazi ya kiwanda ilitunyang'anya baba yetu, ikaturudishia mzigo wa kuruka sebuleni. Nilimlaumu hata kaburini. Kumbe alikuwa anatusikia. Alikuwa hoi kwelikweli, wala hakuwa anajifanya, na katikati ya uchovu huo alikuwa anatusikia sote, hadi waigizaji wa Kihindi.

Nikiwa nimelala pale kwenye kochi juzi, binti yangu aliacha kuangalia picha akaanza kunisomea maoni ya watazamaji kutoka kwenye simu. "Mama, watu wanatukana huku! Mmoja anasema binti hana adabu. Huyu anasema kijana ndiye mwenye makosa. Mwingine anasema hakuna shule kama hii duniani." Karibu nicheke. Mama yangu, Mama Masalu na Mjomba Deo, wote wamo humo.

Halafu sauti yake ikashuka.

"Na wewe Mama, unamwonaje huyu binti?"

Nilikuwa nimechoka, jamani. Neno la kumwambia aniache nipumzike lilikuwa limeshafika mdomoni, kama linavyofika kila jioni. Nikalimeza. Harufu ya lile sweta ilikuwa bado imejaa chumbani, na sikugeuka kuangalia kama ni la kwake. Niliacha macho yangu yamefumbwa hivyo hivyo.

"Sijamwona vizuri," nikamwambia. "Nisimulie wewe, tangu mwanzo."

Nikasikia anazima simu.