Zulia la Kijani Juu ya Tope

Mgodini walimwita Mama Upondo. Kazi yake hasa ilikuwa kutunza kitalu cha miche, lakini kila Jumatatu alizunguka bwawa la mashapo na upondo, mti mrefu wenye alama za rangi, akiuchomeka kupima tope limefika wapi. Maji ya kuoshea mawe yaliingia bwawani yakiwa mazito, tope likatuama, maji yakatoka safi upande wa pili. Ndivyo ilivyotakiwa. Ila tope lilikuwa halijazolewa miaka minne, na sasa bwawa limejaa pomoni: juu gamba kavu, chini uji.

Ripoti kumi na saba aliandika. Lizolewe, likaushwe, lichanganywe na chokaa na samadi, ndipo lipandwe nyasi. Zote zilirudi na neno moja: "Imepokelewa."

Akaja meneja mpya wa mazingira. Wiki haikuisha wafanyakazi wakawa wamembandika jina la Bwana Pasi, maana hata ovaroli yake ilikuwa na mstari wa pasi. Siku kumi kabla ya wakaguzi kufika, alisimama ukingoni akatangaza:

"Mama, hapa patakuwa kijani."

"Kwa siku kumi, bosi?"

"Tunakata nyasi za bustani ya nyumba ya wageni, vipande vipande kama mazulia, tunakuja kuzikunjua hapa juu."

Mama Upondo alidhani anataniwa. "Chini hapo ni mita mbili na nusu za uji. Na tope lenyewe lina uchachu, mizizi itaungua."

"Mkaguzi haangalii mizizi. Anaangalia rangi."

"Basi tuweke utepe, mtu asije akakanyaga."

"Utepe unaharibu picha."

Nyumbani alimsimulia mumewe, fundi cherehani, naye akacheka hadi pini zikamdondoka mdomoni. "Umepima, umesema, umeandika," alimwambia. "Sasa unataka uwaimbie?"

Siku ya ukaguzi bwawa liling'aa kama kitambaa kipya cha meza. Bustani ya nyumba ya wageni nayo ilibaki kipara, lakini huko hakuna aliyepelekwa. Mkuu wa wakaguzi, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia shingoni, alichutama ukingoni akabonyeza nyasi kwa kidole. Zikatikisika hadi katikati ya bwawa.

"Hii inabeba mtu kweli?"

"Inabeba gari!" alijibu Bwana Pasi, na kwa ushahidi akapiga hatua.

Hatua ya kwanza zulia lilimstahi. Ya pili likalegea. Ya tatu alikuwa ndani mpaka kiunoni, jalada la ripoti alilokuwa nalo mkononi kalinyanyua juu ya kichwa, utadhani hilo ndilo lenye watoto nyumbani.

"Mama! Lete huo upondo wako!"

Mama Upondo hakukimbia, wala hakuchelewa. Alitandika mbao mbili za kitalu, akalala juu yake, akamnyooshea upondo. "Shika. Acha kupiga mateke, bosi, unajichimbia. Lala kifudifudi."

Akalala, na mistari yake yote ya pasi. Alipovutwa nje, buti moja lilikuwa limebaki huko chini.

"Kwani kina chake ni kiasi gani?" aliuliza mkaguzi.

"Mita mbili na nusu. Imeandikwa."

"Wapi?"

"Kwenye ripoti kumi na saba. Zote zimepokelewa."

Mgodi ulipewa amri ya kuzoa tope lote. Bwana Pasi alihamishiwa makao makuu, akapanda cheo, na tukasikia anaendesha semina za usalama kazini. Mama Upondo hakupanda popote. Alipewa katapila na miezi minane. Tope lilizolewa, likaanikwa, likachanganywa. Miche ya kwanza nusu ilikufa, na alikiri waziwazi kuwa chokaa aliipunja. Akaongeza, akapanda upya, safari hii nyasi ngumu za bondeni.

Mwaka wa pili zilimfika magotini. Asubuhi moja akakuta mbuzi wa majirani wamepenya uzio, wanatafuna bila haya. Aliwafukuza kwa kelele na madongo hadi sauti ikamkauka, lakini moyoni alikuwa na furaha ya ajabu. Miaka yote hiyo hapakuwa na mbuzi aliyeona pale pana kitu cha kuiba.