Mtani wa Wanaanga

Mzee niliyekuwa nikimhudumia kule ughaibuni, Oxon Hill, alikuwa mtu wa mikanda. Kwa karibu miaka thelathini, kabla miguu haijamgomea, kazi yake ilikuwa kutengeneza na kujaribu mikanda ya kuwafunga wanaanga kwenye viti vyao. Mikanda tu. Mtu mzima na shahada zake anaamka asubuhi, anakunywa kahawa, anakwenda kuvuta mikanda mpaka ikatike, kisha anaandika imekatikia wapi. Aliponieleza hivyo mara ya kwanza nilicheka mpaka nikaweka bakuli la uji chini, maana nilidhani ananitania.

Hakuwa akinitania. Utani niliuanzisha mimi.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilipanga chumba kitongoji cha mbali, Bladensburg, pamoja na Mkenya mmoja kutoka bara, naye msaidizi wa wagonjwa kama mimi, na kila asubuhi nilibadilisha usafiri mara mbili mpaka kwa mzee. Nilimwogesha, nikampikia uji wa shayiri, nikamfunga kwenye kiti chake cha magurudumu. Mkanda wa kiti kile aliukagua mwenyewe kila siku, akiuvuta mara tatu kwa nguvu zote alizobakiza. Ofisi iliyoniajiri ilinipa mteja huyo mmoja tu, siku sita kwa wiki. Kodi yangu ya chumba, nauli yangu na ada ya mdogo wangu aliyeko Tabora vyote vilikaa juu ya kiti kile pamoja naye. Nikimpoteza yeye nimekwisha, na nililijua hilo vizuri, ndiyo maana mpaka leo nikikumbuka nilichofanya najishika kichwa.

Majira ya baridi yale nilikuwa na hasira na serikali yao. Nilikuwa nimejiandikisha darasa la bure la jioni, la wasaidizi wanaotaka kusomea uuguzi, na nimeshanunua hata madaftari. Wiki ya pili tukakuta karatasi mlangoni: darasa limefutwa, bajeti haitoshi. Siku chache baadaye namkuta mzee mbele ya televisheni, macho yanang'aa, anatazama chombo kinapaa na watu saba ndani.

"Darasa langu hamna hela," nikamwambia, "lakini ya kurusha watu wakaelee huko juu ipo. Serikali yenyewe inakopa!"

"Inakopa, ndiyo," akasema.

"Basi watume mashine. Mashine haili, haihitaji mkanda."

"Mashine haiogopi," akasema. "Kitu kisichoogopa hakiwezi kukuletea habari kamili."

"Basi wanitume mimi. Naogopa sana, na bei yangu ni nafuu."

Alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo akaniita waziri wa fedha. Nikifungua mlango asubuhi anapaza sauti, "Waziri wa fedha amefika, ficheni pochi!" Na mimi namwita mfuja mali, mla kodi za watu, fundi wa kamba za mbuzi. Siku moja akaniuliza nimejifunza wapi kumtukana mtu kwa furaha namna ile, nami nikamweleza habari za utani.

Nilimwambia mimi ni Mnyamwezi, na sisi na Wazaramo ni watani. Tunatukanana, tunanyang'anyana vitu, na hakuna anayekasirika. Lakini kazi kubwa ya mtani ni msibani. Nikamsimulia mazishi ya baba yangu. Mama alikuwa hajala wala kusema neno kwa siku mbili. Jirani yetu mmoja, mama wa Kizaramo aliyeolewa na mtu wa reli, akatokea makaburini amevaa koti la marehemu, anakohoa kikohozi chake, anatembea mwendo wake wa kuburuta mguu. Kisha akajilaza chali kando ya kaburi, akasema jeneza halipiti mpaka alipwe. Watu wakamsihi, akagoma. Mama akacheka. Akacheka hasa, kisha akalia kilio ambacho kilikuwa kimemkwama, na jioni akala. Mjomba alimlipa yule mama, ndipo akasogea, njia ikawa wazi.

"Alilipwa kiasi gani?" mzee akauliza.

"Shilingi tano."

"Nafuu sana," akasema, "kuliko mchungaji wetu." Akaniambia nimhesabu yeye na wanaanga wote kuwa kabila moja, nami niwe mtani wao. Tukapeana mikono.

Jumamosi ile chombo kilipokuwa kinarudi nyumbani sikujua lolote. Kwenye basi dereva alikuwa na redio, nikaona watu wamenyamaza isivyo kawaida, nikadhani ni baridi. Nilipofungua mlango hakuna aliyetangaza waziri. Mzee alikuwa kwenye kochi na pajama zake. Sijui alijikokotaje kutoka kitandani. Kwenye televisheni palikuwa na anga ya buluu, safi kabisa, na mistari myeupe inayokwenda pamoja, kisha inaachana.

"Ni nini ile?" nikauliza.

Nikasikiliza mwenyewe mpaka nikaelewa chombo kimesambaratika angani, nikakaa sakafuni na koti langu. Watu saba. Zilikuwa zimebaki dakika chache tu watue. Nilikuwa nimewatania wiki mbili nzima, nimewaita waelea bure, walaji wa posho, na sasa walikuwa ile mistari. Niliona haya kana kwamba wamenisikia. Na wale watangazaji walikuwa wanairudia picha ileile, wanairudia, wanairudia, mpaka nikataka kuvunja kioo.

Nilimpikia uji, hakuugusa. Nikamletea maji, akageuza uso. Nikamwogesha kwa kitambaa palepale kwenye kochi, akaniacha nimgeuze kama mtoto mchanga. Ikapita saa moja, ikapita ya pili, hakusema neno. Kope hazipepesi. Simu ililia, nikapokea, alikuwa binti yake anayeishi ng'ambo ya mto, Virginia, akasema yuko njiani. Nilimtazama mzee nikamwona mama yangu. Ule mdomo uliofungwa niliufahamu, na nilijua mtu wa namna ile asipofunguliwa mapema anaweza kukaa hivyohivyo mpaka mwili ukate tamaa.

Mtani wao alikuwa nani? Nilikuwa mimi. Tulikuwa tumeshapeana mikono.

Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilikwenda jikoni nikavaa chujio kubwa la tambi kichwani. Nikarudi sebuleni nanyanyua miguu polepole, nimepanua mikono, naelea kama nilivyowaona wakielea. Nikakaa kwenye kiti chake cha magurudumu, nikajifunga mkanda, nikauvuta mara tatu kama afanyavyo, nikakohoa kikohozi chake. "Fundi wa kamba za mbuzi!" nikapiga kelele. "Mkanda wako umenibana! Nirudishieni kodi yangu!" Kisha nikajifungua, nikajilaza chali sakafuni mbele ya televisheni, mistari myeupe ikipita juu yangu. "Hawapiti!" nikasema. "Hawa saba hawapiti hapa mpaka nilipwe!"

Nikamwona mzee ameshtuka. Uso ukawa mwekundu, mdomo ukafunguka lakini sauti haikutoka, na mkono wake wa kulia ukaanza kujipigapiga kifuani, ukashuka tumboni, ukapanda tena kifuani, haraka haraka, kama mtu anayezima moto. Nikaganda. Moyo wake, nikajiambia. Nimemuua.

Na hapo ndipo mlango ulipofunguka. Binti yake, mama wa makamo aliyekuwa amevaa koti jeusi, alisimama na mfuko wa matunda mkononi. Alichokiona yeye nakiona mpaka leo: baba yake kapanua mdomo anajipiga kifua, msiba wa taifa uko kwenye televisheni, na msaidizi wa kazi amelala sakafuni na chujio la tambi kichwani, anadai pesa.

"Unamuua!" akasema. Machungwa yalimwagika yakabingirika mpaka chini ya kochi. "Toka! Toka nyumbani kwa baba yangu!"

Nilijaribu kueleza. Utaanzia wapi? Kiingereza chote kilinitoka, hata salamu nisingeiweza. Nilisema "mila", nikasema "msiba", nikasema "tulipeana mikono", na kila neno lilizidi kuniharibia. Mzee alikuwa bado anajipapasa, ananinyooshea mkono, nami nikadhani ananifukuza. Nilitoka na chujio kichwani. Nilikumbuka kulivua kituoni, watu wakinitazama, nikaliweka kwenye benchi nikaliacha.

Mwenzangu wa chumbani alinisikiliza akiwa amesimama, kijiko mkononi.

"Woi! Uli-lie down kwa floor? Siku kama hii?"

"Ni utani, dada. Ndivyo tunavyofanya kwetu."

"Kwenu Tabora. Hapa si Tabora, sis. Hapa hiyo ni abuse, wata-report hiyo kitu." Akakaa kitandani kwangu. "Na wewe vile umekuwa ukisema hawa ma-astronaut wanakula doh ya government. Watasema ulifurahia."

Hilo ndilo lililonivunja. Ningeweza kuvumilia kuitwa mjinga. Lakini kwamba mtu angeweza kufikiri nilifurahi! Usiku huo nililala na nguo zangu.

Jumatatu ofisi iliniita. Waliandika "ukatili kwa mteja", wakanisomea, wakanitaka nitie saini. Niliambiwa nisimpigie simu wala nisikanyage kwake. Niliuliza kama anaendelea vizuri, wakasema hayanihusu. Ndani ya wiki moja nilikuwa nasafisha vyumba vya hoteli usiku, mdogo wangu amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, nami sina ujasiri wa kumwambia mama sababu. Ningemwambiaje? Kwamba nimefukuzwa kwa kufanya kile kilichomwokoa yeye? Nilimkasirikia yule mama wa Kizaramo, nikawakasirikia Wazaramo wote. Nilipokuwa natandika vitanda vya watu nilikuwa namwona mzee anajipiga kifua, na kila mara nilisimama kwanza mpaka picha ipite.

Miti ya cheri ilikuwa imeshapukutisha maua yake binti aliponipigia. Nilipotambua sauti nusura nikate simu.

"Baba anakutaka," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kubishana. "Mapafu yalimlaza hospitali wiki nyingi, hata sauti ikampotea, na sasa yuko kwenye nyumba ya wazee. Tangu aliporudiwa na sauti ananiambia kuna mtu anamdai, kaburini. Nilidhani akili imeanza kuyumba. Amesema hatakula chakula cha mchana mpaka nikupigie."

Nilikwenda na sketi yangu ya kanisani. Mzee alikuwa mdogo, amezama kwenye mito, na kiti cha magurudumu kando yake mkanda umening'inia. Binti alisimama dirishani amefumbata mikono. Nilianza kuomba radhi, mzee akaninyamazisha kwa kidole.

"Waziri wa fedha," akasema. Sauti ilikuwa uzi. "Wanabishana huko kama watume watu tena. Deni limezidi. Unasemaje?"

Nilimtazama nikamhurumia. "Watume, mzee," nikasema. "Hata mimi nadhani watume."

Akakunja uso kwa hasira. "Usinifanyie hivyo. Sijafa bado. Unasemaje?"

Nikavuta pumzi. "Wasitume. Walipe madeni kwanza, na wafungue darasa langu."

"Afadhali," akasema, akalegea kwenye mto. "Nilidhani wamekuharibu." Kisha akamtazama binti yake, akanirudia mimi. "Siku ile nilikuwa na pajama. Pajama ya kijinga, haina mfuko hata mmoja. Nilijitafuta kifuani, nikajitafuta tumboni, sina hata senti. Na wewe umelala pale unasubiri, nami najua huwezi kuondoka mpaka nikulipe."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, nikashika chuma cha kitanda. Ule mkono. Miezi mitatu nimeuona kila siku, na ulikuwa unatafuta mfuko.

Akafungua kiganja. Palikuwa na robo dola, imelowa jasho. Sijui alikuwa ameishika tangu lini.

"Waache wapite," akasema.

Niliipokea kwa mikono miwili. Nikasogea kando ya kitanda hatua moja, mbili, kama yule mama alivyosogea, mpaka njia ya kutoka kwake hadi mlangoni ikawa wazi. Mzee akaitazama njia ile akaanza kulia kwa sauti, kilio cha mtu mzima, na binti yake akaja haraka akamshika. Alilia kwa muda mrefu. Alipomaliza akaomba supu.