Mume Wangu Alizima Gari kwa Simu, Mamangu Akiwa Ndani

Admin, jina langu lifiche kabisa. Mume wangu naye anafuata ukurasa huu.

Asalaam aleikum nyote. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwalimu wa shule ya msingi, naishi Junda na mume wangu na watoto wetu wawili. Mume wangu ana yadi ya magari Nyali, na kwa maneno hana mfano. Mteja akiuliza habari za injini humcheka. "Injini zishapitwa, bwana. Gari la sasa ni kompyuta yenye magurudumu. Lina laini yake ya intaneti, programu zake zinajibadilisha zenyewe likiwa limeegeshwa. Miaka michache ijayo, asiyeuza haya atafuga kuku." Na wallahi watu wananunua.

Mwaka jana akaniletea moja, jeupe, la umeme. Nilimbusu mkono mbele ya majirani. Sikujua kwamba simu yake ndiyo yenye amri, ule ufunguo niliopewa ni wa kuniridhisha tu. Ilianza na maswali. "Mbona ulisimama Kisauni dakika kumi na mbili?" Nikamwambia nilinunua samaki. "Samaki gani wa dakika kumi na mbili?" Baadaye tukigombana asubuhi, nikiingia barabarani kibaridi cha gari kinazimika chenyewe, nafika shuleni nimelowa jasho. Nikamwambia gari lina kasoro. Akacheka, akasema kasoro iko kwa dereva.

Mamangu anaishi Changamwe na ana pumu. Jumamosi moja mchana alinipigia, maneno hayatoki, nasikia mluzi wa kifua tu. Nilitoka mbio bila kumuaga mume wangu. Nilimtia mama garini, tukielekea hospitali nikasimama kwenye duka la dawa kumchukulia dawa ya kuvuta. Kurudi, nabonyeza gari haliwaki. Kwenye skrini iliyo mbele ya usukani yameandikwa maneno kwamba gari limezuiwa na mwenyewe. Jua kali, malori yamejipanga huku na huku, vioo vimefungwa na havishuki. Nikampigia mume wangu, sauti yake ikatokea kwenye spika za gari.

"Changamwe wafanya nini? Nani alikupa ruhusa?"

"Mamangu hapumui. Niwashie gari, nakuomba."

"Sema tafadhali."

"Tafadhali."

"Sema vizuri, usikike."

Nikasema tena kwa sauti. Nikasikia wanaume wanacheka. Kisha akasema, si kwangu, "Mmeona? Hana pa kwenda." Akanirudia: "Ngoja kidogo, namalizana na wageni," akakata. Mamangu alikuwa ameshika kanga yangu, midomo imebadilika rangi, ile dawa niliyonunua haikumsaidia kitu. Nilifungua mlango nikapiga kelele barabarani. Dereva mmoja wa lori, mtu wa bara, aliruka chini, akambeba mamangu mikononi. "Mathe, tulia, tumefika," anamwambia, na hatujafika popote. Alituingiza kwenye tuktuk.

Mama alikaa wiki nzima na mashine ya kupumulia. Siku ya kwanza aliyoweza kusema hakulilia kifua chake. Aliniuliza, "Mwanangu, kumbe hivi ndivyo unavyoishi?"

Mume wangu hakuja hospitali. Nilipomuuliza nyumbani alijibu huku anakula. "Nilikuwa namwonyesha mteja kwenye simu jinsi linavyozimwa. Na gari lilikuwa limesimama, sikulizima mwendoni, mimi si mwuaji. Yule bwana alilipa palepale. Mamako si amepona? Basi." Kisha akauliza yule mwanamume aliyembeba mama ni nani, maana kamera ya gari ilimwonyesha. Akamwita hawara yangu mbele ya watoto.

Sasa jambo linaloniua ni hili. Majuma mawili baadaye mwalimu mwenzangu, nimwite Bahati, alikuja shuleni na gari kama langu. Alikuwa akilia kwa furaha. "Mume wangu kanipa zawadi! Ati aliliona likifanya kazi pale yadini, likamvutia." Nilijua papo hapo ni gari gani aliloliona likifanya kazi, na ni nani aliyekuwa ndani yake. Nikamkumbatia nikamwambia hongera shoga yangu, Mungu akubariki.

Bahati yule wa furaha hayupo tena. Kengele ya mwisho ikilia anakimbia. Simu ikiita anasimama wima katikati ya ofisi ya walimu na kuitika "abee" kama mtoto mbele ya mkubwa. Juzi alinivuta pembeni, macho mekundu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Lako nalo huwa linazima ovyo?"

Nikamjibu, "La, langu halina shida."

Nilidanganya kwa sababu mume wangu alishaniambia nikifungua mdomo nikamharibia soko, watoto nitawaona kwenye picha. Ana pesa na ana mawakili, na mimi nina mshahara wa ualimu na mama mgonjwa. Lakini Bahati ana mimba ya miezi saba, jamani, na hospitali atakapokwenda kujifungua atapelekwa na gari lile.

Kesho tunasahihisha mitihani pamoja, yeye na mimi, meza moja. Nimwambie ukweli, nipoteze watoto wangu? Au ninyamaze? Wenye busara, msinihurumie, nielekezeni tu. Nifanyeje?