Vitabu Vilivyomsubiri Mgeni Rasmi

Vitabu vile vililetwa shuleni kwetu Mlowo binti yangu akiwa darasa la tano. Ninataja darasa kwa makusudi, kwa sababu hasira yangu yote imesimama juu ya jambo hilo.

Vililetwa na pikapu, ndani ya maboksi, na wanafunzi wa darasa lake ndio waliotumwa kuyashusha. Vilikuwa vitabu vipya vya hadithi, kwa Kiswahili, vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto wanaoanza kukua: si wale wanaofundishwa herufi, si vijana wa sekondari, bali hawa wa katikati ambao hakuna anayewaandikia. Havikuwa vya kiada. Havikuwa na maswali ya ufahamu mwishoni. Nyuma ya kila kimoja paliandikwa umri wa msomaji wake, kama inavyoandikwa kwenye dawa za watoto.

Jioni ile binti yangu alinikuta nyuma ya nyumba nikipaka grisi mashine ya kumenyea kahawa ya mteja wa Iyula. Hakunisalimu.

"Baba, kuna kitabu cha msichana mwenye baiskeli."

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Ameambiwa asivuke daraja, mto umejaa, na yeye yuko katikati tayari. Halafu mwalimu akakichukua."

"Umesoma saa ngapi?"

"Mwalimu alikuwa anahesabu. Mimi nilishika cha juu. Nimesoma ukurasa mmoja tu."

"Basi kesho utamalizia."

Nilisema kesho bila wasiwasi wowote. Vitabu viko shuleni, mtoto yuko shuleni. Nilidhani hesabu hiyo haina namna nyingine ya kujibika.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu mwaka ule mlango wa ofisi ulikuwa umeng'oka bawaba na wazazi walitaka mtu mwenye bisibisi. Katika kikao kilichofuata mwalimu mkuu alitutangazia kwamba vitabu vimepokelewa salama, vimefungiwa, na havitaguswa mpaka vizinduliwe. Alisema lazima apatikane mgeni rasmi, na waliovitoa wanataka picha. Wajumbe wote waliitikia kwa vichwa, na sitadanganya, hakuna aliyeona ajabu. Kwetu kitu kipya hakiwi kitu mpaka kikatiwe utepe. Nimeona bomba la maji likifunikwa turubai huku akina mama wakipita na ndoo kwenda bondeni. Nimeona vyoo vipya vya shule vikizungushiwa utepe mwekundu, na watoto wakikimbilia kwenye mibuni ya jirani.

Kikao kile kilitumia muda wake mrefu kwenye chakula cha mgeni.

"Mtu wa cheo kile huwezi kumpa nyama ya ng'ombe," alisema mjumbe mmoja mzee. "Ni kuku."

"Kwani ng'ombe kakosa nini?" akauliza mama mmoja mwenye genge sokoni.

"Ng'ombe analiwa na kila mtu."

"Na kuku wako atakayeliwa na mheshimiwa utamvika tai?"

Tulicheka. Hata mimi nilicheka. Nilipouliza kama watoto wanaweza kusoma wakati tunasubiri, mwalimu mkuu aliniangalia kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Mzee wangu, vikichafuka tutamwonyesha nini mgeni?"

Likatengenezwa kabati la mbao lenye milango ya vioo, ili mgeni avione vizuri. Vitabu vikapangwa ndani, kila kimoja na nailoni yake. Kabati likawekwa ofisini kwa mwalimu mkuu, mkabala na dirisha, na ufunguo ukakaa kwenye droo yake. Watoto waligundua haraka kwamba ukisimama juu ya tofali nje ya dirisha unaweza kuona majalada. Binti yangu aliniambia wanapeana zamu. Anayesimama juu anasimulia anachokiona, walio chini wanabishana kilichotokea.

"Leo wamesema yule wa baiskeli anamkimbia mama wa kambo."

"Wamejuaje?"

"Hawajui. Mimi nasema anapeleka dawa ng'ambo. Ndiyo maana hakurudi."

Mgeni wa kwanza alikubali, kisha akasafiri. Akakubali tena, tukapata msiba mkubwa kata ya jirani na msafara ukaelekea huko. Kisha akahamishwa kikazi. Aliyemrithi alihitaji kualikwa upya, na mwaliko lazima upitie wilayani Vwawa, na Vwawa kulikuwa na mambo yao. Zikaja mvua. Ikaja kahawa, wazazi wote shambani. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa. Kitabu kikipotea ataulizwa yeye. Kitabu kisiposomwa hakuna atakayemuuliza kitu. Nilielewa hilo vizuri sana, na kadiri nilivyolielewa ndivyo nilivyozidi kukasirika.

Niliamua kukitafuta kitabu chenyewe. Nilikuwa nimeandika jina lake. Nilianza Vwawa, kwenye maduka ya vifaa vya shule, nikaonyeshwa madaftari, kamusi na mitihani iliyopita. Siku nilipokwenda Tunduma, mpakani na Zambia, kununua beringi za mashine nilizunguka tena. Tunduma unaweza kupata karibu kila kitu. Kuna maduka yanayouza matairi ya malori, vitenge vya Kongo, na unga wa Zambia kwa watu wanaosalimiana Kibemba na kulipana kwa fedha za nchi mbili. Kijana wa duka la vitabu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hadithi za watoto wa umri huo? Hatuna, mzee. Wazazi hawanunui."

"Wazazi wamewahi kuviona?"

"Sasa wataviona wapi?"

"Hapa."

Alitabasamu. "Nikuuzie cha maswali ya darasa la saba? Hicho kinatoka kama chapati." Kisha, kwa kunitania, akaongeza, "Hadithi msimulie wewe, mzee. Sura unayo."

Nilirudi na beringi.

Sikusoma zaidi ya darasa la saba. Kusoma kwa kweli nilijifunza baadaye, mwenyewe, kwa kufuata kanuni moja: sipiti neno nisilolielewa. Kwa njia hiyo nilisoma vitabu vya mashine, kwanza vya Kiswahili halafu vya Kiingereza, kamusi ikiwa upande wa kushoto. Lakini nilipokuwa na umri wa binti yangu, kitu pekee chenye maandishi nyumbani mbali na Biblia na kitabu cha nyimbo kilikuwa mifuko ya mbolea. Niliisoma pande zote. Najua mpaka leo namna mbolea inavyotakiwa kuhifadhiwa. Hadithi ya kwanza kunihusu, ya mtoto wa miaka kumi na miwili anayeogopa na kuthubutu, niliisoma nikiwa na ndevu, na niliisoma kama mtu anayesikiliza habari za sherehe aliyoikosa. Ilikuwa nzuri. Haikunifaa kitu. Kuna mambo ambayo mtu huambiwa katika umri fulani au basi. Huwezi kuja kumwambia mtu mzima kwamba woga wake wa utotoni ulikuwa wa kawaida. Ameshajijenga kwa kuuzunguka.

Kwa hiyo naomba nieleweke. Sikuwa nagombania karatasi.

Uzinduzi ulifanyika binti yangu akiwa darasa la saba, mtihani wa taifa ukikaribia. Kabati lilibebwa na wanaume hadi uwanjani na kufungwa utepe. Kulikuwa na maturubai, spika kubwa na ngonjera. Mgeni rasmi alichelewa, watoto walisimama juani, na alipofika alizungumza vizuri. Alisema taifa lisilosoma ni taifa lililolala. Alisema anataka kuona kila mtoto wa shule hii na kitabu mkononi. Tulipiga makofi. Akakata utepe, nailoni zikachanwa, na watoto waliochaguliwa wakapewa kitabu kimoja kimoja kwa ajili ya picha.

Binti yangu alikuwa miongoni mwao. Sijui kama alibahatika au alibadilishana na mwenzake kimyakimya, lakini mkononi mwake kilikuwa kile cha baiskeli.

"Fungueni vitabu," mpiga picha alisema. "Kama mnasoma."

Wote wakafungua. Mpiga picha akarudi hatua, akainama, akainuka.

"Wewe, mrefu wa nyuma. Tazama huku."

Binti yangu hakusikia.

"Dada! Angalia kamera! Achana na kitabu!"

Watu walicheka. Mwalimu wa zamu akaenda akamwinua kidevu kwa kidole. Picha ikapigwa. Ninayo kwenye simu, waliirusha kwenye kundi la wazazi: watoto wanatabasamu, na nyuma yao msichana mmoja amegeuza uso kwa kamera lakini macho yamebaki chini.

Mgeni alipoelekea kwenye kuku, spika ikatangaza: "Vitabu vyote vikusanywe, hesabu itimie kabla watoto hawajatawanyika." Nilimwona mwalimu akipita kwenye mstari akivichukua, kimoja baada ya kingine, kwa adabu kabisa. Binti yangu aligeuza ukurasa mmoja zaidi huku mkono wa mwalimu ukiwa tayari umeshika jalada. Kisha kabati likabebwa kurudi ofisini.

Sikula kuku.

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Aliniambia vitabu vitaanza kutolewa baada ya kupatikana mwongozo wa matumizi. Nilimuuliza mwongozo unatoka wapi. Alisema juu. Nilikwenda tena baada ya wiki chache, mtihani umeshafanyika na watoto wa darasa la saba wamesharudi nyumbani, wengine wakichuuza soda na mayai ya kuchemsha kwenye mabasi ya barabara kuu.

"Mwongozo umekuja?"

"Bado, mzee wangu. Lakini hata ukija, binti yako ameshamaliza. Vitabu hivi ni vya wanafunzi."

Alisema hivyo bila ubaya wowote. Alikuwa akinifafanulia utaratibu. Mimi mtu wa taratibu. Ninafungua mashine kwa mpangilio na kuirudisha kwa mpangilio uleule. Nilimwangalia, nikaangalia droo iliyokuwa wazi nusu, nikauchukua ufunguo na kufungua kabati.

"Mzazi, unafanya nini?"

"Naazima kitabu."

"Hicho ni mali ya shule!"

"Ndiyo maana nimesema naazima. Ijumaa nitakirudisha."

"Nitaita mwenyekiti wa kijiji!"

"Mwite. Akija mwambie achukue na yeye kimoja."

Nilitoka. Nyuma yangu nilisikia mlango wa kabati ukifungwa kwa haraka, kama kwamba vingine vingenifuata.

Binti yangu alikisoma barazani mchana ule, pishi ya maharage ikimsubiri bila kuchambuliwa, na mama yake akamwacha. Mimi nilijifanya nanoa panga kwa tupa. Hakuinua kichwa, lakini kadiri alivyoendelea niliona kitu ambacho sikukitarajia. Mwanzoni alisoma taratibu, kidole kwenye mstari. Baadaye alianza kugeuza kurasa haraka, namna mtu anavyomsikiliza mdogo wake anayesimulia ndoto. Jua halijashuka, akakifunga.

"Alivuka?" nikauliza.

"Alivuka. Baiskeli ilikuwa ya kaka yake, alikuwa anairudisha kabla hajajua."

"Kizuri?"

Alifikiri. Ni mtoto mwenye heshima, hakutaka kuniumiza.

"Kizuri, Baba. Ila ni cha watoto."

Aliingia ndani kuchambua maharage. Nilikaa na kitabu mapajani nikasoma umri ulioandikwa nyuma. Hakukosea. Kile kitabu kiliandikwa na mtu aliyemjua vizuri msichana wa darasa la tano, akakichapa, akakileta mpaka mlangoni kwake, na sisi, watu wazima wenye akili zetu, tulikaa vikao tukijadili kuku mpaka msichana yule akaisha. Yuko mwingine sasa, mrefu zaidi, ana mambo mengine ya kuogopa, na ya kwake hayajaletwa. Hakuna wa kumshtaki. Hakuna kilichoibwa wala kilichopotea. Mkaguzi akija leo atakuta hesabu imetimia.

Ijumaa nilikirudisha kama nilivyoahidi. Nilifika wakati wa mapumziko. Nje ya dirisha la ofisi, juu ya tofali, alikuwa amesimama mtoto wa kike, sweta limeshatoboka kiwiko, viganja vimezunguka macho ili aone ndani. Nilimuuliza yuko darasa la ngapi. Akashuka haraka, akidhani anagombezwa, akasema la tano. Nikampa kitabu. Alikiangalia, akaniangalia, akakiingiza ndani ya sweta na kukimbia kabla sijamaliza kumwambia asikimbie.

Mwalimu mkuu alinipokea mlangoni.

"Kitabu kiko wapi?"

"Kimerudi shuleni. Kiko darasa la tano."

"Kwa nani?"

"Sikumuuliza jina."